Waya wa flaksi ukikukatalia, nobu ziache mwisho

Nyuma ya nyumba yangu hapa Tanga kuna kibanda cha mabati chenye meza ya chuma, grenda mbili na mashine ya kuchomelea inayokula waya. Miaka mingi nilichomelea kwa vijiti. Nilipohamia kwenye waya wenye flaksi ndani (unga unaokinga chuma kinapoyeyuka), ule usiotaka mtungi wa gesi, nilidhani nimepata ahueni: unabonyeza kitufe, waya unatoka wenyewe, kazi inakwenda. Wiki mbili nzima nilichovuna ni matone ya chuma yaliyoganda kila upande, na mshono uliokaa juu ya bomba kama mavi ya kuku.

Nikaulaumu waya, nikanunua mwingine. Nikazungusha nobu ya volti mpaka mwisho, nikairudisha, nikahamia ile ya mwendo wa waya. Jioni moja mzee mmoja, fundi wa mtaa wa pili, alikuwa akipita. Akausikia mlio, akasimama mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine mbona inakohoa? Umeifungua ubavu ukatazama nyaya zake?”

“Bado. Naitumia kama ilivyotoka dukani.”

“Basi ndiyo maana. Hiyo imefungwa kwa ajili ya gesi.”

Alichokifanya kilichukua dakika tano na hakikugusa nobu hata moja. Tangu siku hiyo mshono ukiharibika natafuta kwa mpangilio: kwanza aina ya waya, halafu nyaya mbili za nje, halafu njia unayopita waya ndani ya mashine, halafu chuma kinachochomelewa, halafu mkono wangu mwenyewe. Nobu ndizo za mwisho. Anayejifunza nyumbani hufanya kinyume, kwa sababu nobu ziko mbele ya macho na ubavu wa mashine umefungwa.

Kitu kingine: jaribio lifanyike kwenye chuma chakavu cha unene uleule wa kazi, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa kila mshono. Andika kwa chaki pembeni ulichobadilisha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja mshono ukakaa sawa, hutajua kipi kilikusaidia, na kesho utaanza upya.

Kibandiko cha waya

Soma maandishi yaliyo kwenye spuli, yaani gurudumu la waya, kabla ya kuilipia. E71T-GS na E71T-11 ni waya wa bila gesi. E71T-1 nao una flaksi ndani, kwa macho huwezi kuutofautisha na hao wawili, ila unataka gesi. Ukiuchoma bila mtungi mshono unatoka na matundu kama sponji, na hapo utazungusha nobu mpaka uchoke. Namba zenyewe si siri: 7 ni nguvu ya mshono, yaani pauni 70,000 kwa kila inchi ya mraba, 1 maana yake waya unafaa kila mkao, hata ukichomelea juu ya kichwa, T maana yake waya ni mrija uliojazwa unga.

GS ni waya wa mpito mmoja. Unafaa kwa bomba la skwea, kiti, grili ya dirisha. Ukipanga mshono juu ya mshono kwenye chuma kinene unaweza kupasuka ukipoa, na ufa mwingine hauuoni kwa macho. Kwa kazi ya tabaka tumia E71T-11, na huo pia una kikomo cha unene wa chuma kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Waya wa GS umejaa madukani kwa sababu ni rahisi kuwaka, si kwa sababu unafaa kila kazi.

Matone mengi, mlio wa kupasuka, mshono hauzami

Hii ndiyo dalili iliyonitesa mimi. Moto unaruka badala ya kutulia, matone yanashika kwenye bomba mpaka hayatoki kwa brashi, na mshono ukiugonga pembeni unaona umelala juu tu. Mara nyingi chanzo ni polariti, yaani waya upi uko kwenye chanya na upi kwenye hasi.

Waya wa bila gesi wa aina hizo mbili umetengenezwa tochi (mkono unaotoa waya) iwe upande wa hasi na kibanio cha ethi (kile kinachobana kazi) kiwe upande wa chanya. Waya mgumu wa gesi, usio na flaksi, ni kinyume chake. Mashine nyingi zinazokubali vyote viwili hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa gesi. Chomoa plagi ukutani kwanza. Kisha fungua ubavu, au kwenye mashine za kisasa tazama chini mbele: utaona alama za + na −, na kipande kifupi cha waya kinachotoka upande wa tochi. Kipande hicho kiende kwenye −, na waya wa ethi uende kwenye +. Kaza kwa nguvu ya mkono. Kikilegea kitapata moto na kuyeyusha plastiki.

Hapa kuna mtego. Mashine ndogo za inveta zina swichi au skrini ya kuchagua gesi, flaksi au vijiti, na mtu anachagua flaksi akiamini amemaliza. Kwenye nyingi ya mashine hizo kuchagua hakuhamishi nyaya. Lazima uzihamishe kwa mkono, na siku ukirudi kwenye gesi uzirudishe.

Kama polariti iko sawa na matone bado yanaruka, nenda kwenye ethi. Kibanio kilichoshika kwenye rangi au kutu ni sawa na ambacho hakijashika. Piga grenda mahali pa ukubwa wa sarafu, chuma king’ae, kibane hapo, na kiwe kwenye kazi yenyewe, si kwenye mguu wa meza unaotumaini kwamba umegusana na kazi. Vibanio vya bei nafuu mara nyingi hupitisha umeme kwenye taya moja tu, tena kupitia springi. Nilikitupa changu, nikaweka kizito cha shaba. Sijapata kununua kitu kingine cha bei ile kilichobadilisha kazi yangu kiasi hicho.

Waya unatoka kwa kushtuka

Unabonyeza, waya unatoka, unasita, unaruka, na moto unazima na kuwaka kama taa mbovu. Au waya unarudi nyuma na kuganda ndani ya tipu, kile kipande chenye tundu mbele ya tochi. Au unasikia mota inanguruma lakini mbele hakitoki kitu. Ukifungua unakuta waya umejisokota kwenye rola kama kiota cha ndege.

Waya wa flaksi ni mrija laini. Huo ndio msingi wa shida hizi zote. Rola yenye mfereji laini wa V iliyokuja na mashine ni ya waya mgumu wa gesi. Kwa flaksi tafuta yenye meno madogomadogo, inayoshika waya bila kuubana sana. Angalia na namba iliyopigwa ubavuni mwa rola. Rola nyingi zina mifereji miwili, tuseme milimita 0.8 upande mmoja na 1.0 upande wa pili, na mfereji unaotumika ni ule uliokaa kwenye mstari wa waya. Waya wa 0.8 kwenye mfereji wa 1.0 utateleza siku nzima.

Mgandamizo wa rola ndio wengi tunakosea. Waya ukiteleza, mkono unakwenda kukaza. Ukikaza kupita kiasi unaubonyeza mrija, unakuwa bapa, flaksi inachuruzika kama unga ndani ya mashine, na waya bapa hautaki kupita kwenye tipu ya duara. Pima hivi: toa kibanio cha ethi, vaa glavu, elekeza tochi kwenye kipande cha mbao kavu ukiwa umbali wa vidole vitatu, bonyeza. Waya ukigonga mbao, rola zikateleza bila kuusukuma, kaza kidogo. Ukigonga kisha ukajikunja na kuendelea kutoka, umefika. Usiongeze hata robo mzunguko.

Mgandamizo ukiwa sawa na bado unasita, ondoa tipu kabisa na ujaribu kusukuma waya. Ukitoka bila shida, tipu ndiyo mbaya: imejaa matone, au tundu limelika likawa yai, au namba yake si ya waya wako. Tipu ni kitu cha kutupwa, nunua nyingi kwa pamoja. Usipotoka vizuri hata bila tipu, tatizo liko kwenye mrija wa ndani ya kebo ya tochi. Unyooshe kebo chini, isikunjwe kama mpira wa bustani, na upulize mrija kwa kompresa kila ukibadilisha spuli. Vumbi linalotoka humo litakushangaza.

Kiota cha ndege kina chanzo kingine: breki ya spuli. Ikilegea sana spuli inaendelea kuzunguka ukiachia kitufe, waya unafumka. Ikikazwa sana mota inavuta kwa shida. Ukiachia kitufe spuli nayo isimame, bila kuwa ngumu kuizungusha kwa kidole.

Waya kuganda kwenye tipu mara kwa mara ni dalili ya mwendo mdogo wa waya au tochi iliyo karibu mno na kazi. Nobu inaruhusiwa hapa: ongeza mwendo kidogo. Kwanza lakini tazama mchomozo, yaani urefu wa waya uliotoka nje ya tipu.

Vitundu kwenye mshono

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitundu vina vyanzo vingi na kila mtu ana nadharia yake. Wa kwanza kulaumiwa ni upepo. Kwa waya wa bila gesi upepo mdogo si mwizi wa kwanza. Waya huu ulipendwa kwenye kazi za nje kwa sababu kinga yake inatoka ndani ya waya wenyewe, haipeperushwi kama gesi ya mtungi. Feni inayopuliza moja kwa moja kwenye moto igeuze, lakini usifunge milango yote ukajifungia na moshi. Waya huu unatoa moshi mwingi kuliko wa gesi. Mimi huacha milango miwili wazi upepo ukate kati, kichwa kikae pembeni ya moshi, na barakoa ya vumbi la chuma iwe chini ya ngao.

Chanzo cha kwanza cha kweli ni uchafu. Kutu, rangi, mafuta ya kiwandani kwenye bomba jipya, hata jasho la mkono. Kuna uvumi kwamba flaksi inakula kutu, hivyo usafi si lazima. Inakula kidogo, ndiyo, na yaliyobaki yanakuwa gesi inayonaswa kwenye chuma kinachoganda. Safisha kwa grenda sentimita 2 kila upande wa mshono, na upande wa ndani wa bomba kama unafikika. Mafuta yafute kwa kitambaa na asetoni, ikauke kabisa kabla hujawasha. Dawa ya kupulizia ya kusafishia breki yenye klorini iondoke kwenye karakana yako: mwanga na joto la kuchomelea vinaigeuza fosjini, na hiyo ni sumu ya kuua.

Chanzo cha pili, kwa sisi wa pwani, ni unyevu. Mwaka wangu wa kwanza niliacha spuli ndani ya mashine wakati wa masika, mashine nikaifunika kwa turubai nikajiona nimeitunza. Juni nilipofungua, waya wa juu ulikuwa na rangi ya chai. Mshono ukawa na vitundu mwanzo hadi mwisho, na moto ukitoa mlio wa mafuta yaliyomwagiwa maji. Nilifungua mizunguko ya juu nikaitupa mpaka nikafikia waya unaong’aa. Vitundu vikapungua, havikuisha. Spuli ile nilimalizia kwenye bawaba za banda la kuku. Siku hizi kazi ikiisha spuli inatoka, inaingia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, halafu ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana. Nunua spuli za kilo 1 kama hutumii sana. Ile ya kilo 5 inaonekana rahisi kwa hesabu ya kilo, lakini nusu yake itaota kutu kabla hujaimaliza.

Cha tatu ni mchomozo na volti, na viwili hivi vinakwenda pamoja. Waya uchomoze milimita 12 hadi 20 kutoka kwenye tipu. Aliyezoea vijiti anaona ni mrefu mno, aliyezoea gesi naye anaona hivyo hivyo. Ila waya huu unahitaji urefu huo ili flaksi ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Mfupi mno, flaksi inafika ikiwa mbichi na gesi zake zinatokea ndani ya mshono. Mrefu mno, ampea zinashuka, mshono unakuwa baridi na moto unatangatanga. Volti zikiwa juu mno moto unarefuka na naitrojeni ya hewani inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Ndani ya waya kuna alumini ya kuikamata hiyo naitrojeni, lakini ina kiasi chake. Kwa hiyo vitundu vikibaki baada ya kusafisha na waya ni mkavu, punguza nusu volti hadi volti moja, ndipo uendelee kutafuta.

Cha nne ni zinki. Bomba la maji, chuma cha mabati, boliti zinazong’aa. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chuma kinayeyuka karibu na 1,500. Kabla chuma hakijawa maji, zinki imekwisha kuwa mvuke, na mvuke huo unapita katikati ya mshono wako na kuuacha na matundu. Unapita pia kwenye mapafu yako. Baada ya saa kadhaa unapata baridi, homa, viungo kuuma, ladha ya chuma mdomoni, ukasema ni malaria. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili, lakini homa ni homa, nenda ukapime. Na kifua kikibana usisubiri kesho. Habari ya kunywa maziwa nimeikuta kila karakana tangu nikiwa kijana, na ninayanywa kwa sababu nayapenda. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kifuani. Ondoa zinki kwa grenda ukiwa nje na umevaa barakoa, kisha ndipo uchomelee.

Alama za minyoo

Unagonga magamba, chini unakuta mshono una mifereji midogo iliyopindapinda, kana kwamba minyoo imetembea kwenye tope. Ni gesi iliyonaswa chini ya slagi, yaani hayo magamba, ikakosa pa kutokea. Chanzo karibu siku zote ni volti nyingi kuliko mwendo wa waya, au mchomozo mfupi, au unyevu niliokwisha kuusema. Punguza nusu volti, rudisha tochi nyuma milimita 3 au 4. Alama zikipotea usiguse kingine.

Slagi imezama ndani

Umekata mshono kwa grenda kuuchungulia, ukaona mstari mweusi katikati. Slagi ilitangulia mbele ya kidimbwi cha chuma, chuma kikaifunika. Waya wenye flaksi unavutwa, hausukumwi. Tochi ilale nyuzi 10 hadi 15 kuelekea unakokwenda, kidimbwi kibaki nyuma ya waya, na wewe ukitazama ukingo wa mbele wa kidimbwi, si mwanga. Waliotoka kwenye gesi husukuma kwa mazoea na ndio wanaoumia zaidi hapa.

Ukienda polepole mno slagi inakupita pia. Ukishuka kutoka juu kwenda chini kwenye chuma kinene inakupita hata ukiharakisha, kwa hiyo kushuka iwe kwa bomba jembamba tu, kinene panda. Na kati ya tabaka na tabaka gonga, piga brashi mpaka chuma king’ae. Magamba yaliyobaki kwenye kona hayayeyuki na kutoweka kama unavyojiambia.

Bomba linatoboka

Skwea paipu ya geji 18 ina unene wa karibu milimita 1.2, ya geji 16 karibu 1.5. Waya wa flaksi una joto kali na haupendi chuma chembamba sana. Kwa geji 18 mimi bado namshauri mtu atumie waya wa 0.8, si wa 0.9 au 1.0, na volti 14 hadi 15, kisha afuate jedwali lililobandikwa ndani ya mfuniko wa mashine yake, maana mashine mbili zenye namba sawa kwenye nobu hazitoi moto sawa.

Lakini mara nyingi kinachotoboka si bomba, ni pengo. Tunakata kwa grenda kwa jicho, kona ya nyuzi 45 inabaki na mwanya unaopitisha sarafu, halafu tunataka waya uujaze. Rudi kwenye msumeno au faili. Mwanya ukiisha, nusu ya kutoboka kumeisha. Penye mwanya usioepukika, weka bapa la shaba nyuma yake, kwani waya haushiki kwenye shaba na joto linanyonywa, na uchome kwa nukta: bonyeza, hesabu moja, achia, subiri wekundu ufifie, bonyeza tena nusu juu ya ile ya kwanza. Slagi ikipoa kabisa kati ya nukta na nukta itabidi uigonge, la sivyo moto utakataa kuwaka.

Mfereji unaokatika pembeni mwa mshono ni ndugu wa tatizo hili: volti nyingi au mkono wa haraka. Shusha au tulia kwenye kingo.

Mshono ni mzuri lakini unabanduka

Huu ndio ugonjwa wa hatari, kwa sababu hauumizi macho. Mawimbi yamepangika, magamba yamejitoa yenyewe, umepiga picha. Kisha mtu anakalia kiti.

Usiuamini mshono wako kabla hujauvunja. Chukua vipande viwili vya flati baa ya milimita 3, visimamishe kama herufi T, chomelea upande mmoja tu. Kikipoa kibane kwenye vaisi, kigonge kwa nyundo ukikikunjia upande wa mshono mpaka kivunjike au kilale. Kikilala bila kuvunjika, vizuri. Kikivunjika tazama mzizi: ukiona ukingo wa kipande uko mkali kama ulivyokatwa, chuma hakikuyeyuka pale, kilimwagiwa tu. Ongeza mwendo wa waya, ambao ndio unaoongeza ampea, na volti kidogo kuufuata, kwa milimita 3 ziwe 16 hadi 17. Fupisha mchomozo ukiwa umezidi. Lenga waya kwenye kona yenyewe, si juu ya kipande kimoja. Chuma chenye ngozi nyeusi ya kiwandani kipigwe grenda.

Stendi ya tangi la maji, ngazi na kiunganishi cha trela zisubiri mpaka vipande kumi vya majaribio vimekataa kuvunjika mfululizo. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na chini ya stendi watoto hucheza.

Asubuhi ilikubali, jioni inakataa

Hujagusa kitu. Mipangilio ni ileile ya saa nne asubuhi, lakini saa moja usiku waya unagonga chuma na kusukuma mkono, mshono ni kamba. Umeme umeshuka mtaani, au uko mwishoni mwa ekstensheni yako. Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 1.5 inapoteza karibu volti 11 ukivuta ampea 15, kabla ya kuhesabu upungufu wa mtaani. Ya milimita 2.5 inapoteza karibu 6.5. Na usichomelee ekstensheni ikiwa imezungushwa kwenye kigurudumu chake. Joto linajikusanya katikati na plastiki inayeyuka. Ifungue yote hata kama kazi iko mita 5.

Vile vidude vya kulinda friji vyenye tarakimu za volti vinafaa hapa. Kichomeke kwenye tundu la pili la ekstensheni ileile, mwambie mtu akiangalie wakati unachomelea. Kikishuka kutoka 230 hadi 195 ukiwasha moto, tafuta waya mnene au ufanye kazi asubuhi.

Mashine imezima katikati ya kazi

Taa ya njano inawaka, feni inazunguka, waya hautoki. Haijaharibika, imepata joto. Kibao cha nyuma kimeandikwa kitu kama asilimia 20 kwa ampea 120: ndani ya dakika 10 chomelea 2, pumzika 8. Kwa ampea chache muda unaongezeka. Usizime swichi, maana unazima na feni. Iache izunguke mpaka taa izimike yenyewe.

Taa ikiwa inawaka baada ya dakika moja ya kazi nyepesi, chomoa, subiri, fungua, upulize ndani kwa hewa kavu. Feni inavuta kila kinachoruka karibu, na unga wa chuma unaotoka kwenye grenda ukitua kwenye saketi unapitisha umeme mahali usipotakiwa. Mimi grenda nimeihamishia nje, chini ya mwembe. Mashine inabaki ndani, mgongo wake mbali na mlango.